Massey 135 limegoma kuwaka, fundi anataka kushusha pampu. Naombeni mawazo kabla sijatoa hela

Mwana wa Kibaigwa (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za majukumu.

Nina trekta Massey Ferguson 135, injini ya Perkins ya silinda tatu. Marehemu mzee alilinunua mwaka 1988 kutoka shamba moja la mkonge upande wa Kilosa likiwa limeshachoka, akalifufua, na ndilo lililotusomesha sisi wote. Kwa hiyo msije na ushauri wa kuuza chuma chakavu.

Lilipakiwa tangu mwezi wa sita. Sasa mawingu yameanza kujikusanya na watu wananipigia simu wanataka kulimiwa. Juzi nikapeleka betri kuchajiwa, nikaifunga, nikapiga stata. Injini inazunguka vizuri kabisa, haishiki. Nimepiga mpaka betri ikalala. Nimechaji tena, hali ni ileile.

Nikaleta fundi kutoka mjini. Kalizunguka, kalegeza nati moja ya nozeli, akaniambia nipige stata, akasema "pampu imekufa". Anataka kuishusha aipeleke Dodoma ikapimwe, laki nne na nusu, vipuri bado. Kazi yote hiyo dakika kumi na tano. Pampu ni ile CAV ya kuzunguka, si ile ya mstari.

Dizeli ipo nusu tenki. Filta sijabadilisha. Hiyo laki nne na nusu ndiyo hela ya mbegu, ndiyo maana nimekuja kwenu kwanza.

Spana Mkononi
Laki nne na nusu kwa dakika kumi na tano! Kuanzia kesho na mimi ni fundi pampu.

Mkuu hilo jambo dogo. Chukua kitambaa, loweka petroli, weka kwenye mdomo wa kuvutia hewa, mwambie dogo apige stata. Litashika tu. Likishika ndiyo utajua injini ni nzima.

Mama Alizeti
Spana Mkononi, huo ushauri wako ulinigharimu mimi injini. Kijana wangu alikuwa analiamsha hivyohivyo kila asubuhi, mwaka wa pili ringi zikavunjika, na pistoni moja ikapasuka pembeni. Petroli na ile dawa ya kopo ya kuamshia injini huwaka mapema, pistoni ikiwa bado inapanda. Unakuwa kama umempiga mtu nyundo kichwani wakati anapanda ngazi.

Halafu hizo Perkins nyingi zina ile koili ya kupashia hewa kwenye manifodi, njia ya kuingizia hewa kwenye injini. Mtu akipuliza dawa ya kopo huku koili imeshakuwa nyekundu, moto unarudi usoni.

Mwana wa Kibaigwa, usifanye hivyo. Subiri waje wenye subira.

Shamba Kitale
Boss pole sana. Huku Trans Nzoia hizi 135 bado ni nyingi, na zinalima kuliko hizi mpya za plastiki. Kitu ya kwanza angalia ile kebo ya kuzimia. Ukivuta kizimio halafu kebo iwe imeshika kutu, kale kamkono kwa pampu kanabaki mahali pa kuzima. Self, yaani stata, itazunguka mpaka jioni na hakuna tone litatoka. Mimi nilishawahi kufungua nozeli zote tatu, kumbe ni kebo tu.

Mwana wa Kibaigwa
Shamba Kitale asante. Nimeenda na tochi sasa hivi. Kebo inateleza, kamkono kanarudi chenyewe. Hapana, siyo.

Mzee wa Dizeli
Kijana, swali moja tu kwanza. Ukipiga stata, kwenye bomba la moshi kunatoka nini? Moshi mweupe, mweusi, au hakuna kitu?

Mwana wa Kibaigwa
Shikamoo mzee wangu. Nimetoka kuangalia sasa hivi, hakuna kitu. Hata kidogo. Nimeweka na mkono, upepo unatoka "puf puf" lakini hauna hata harufu ya dizeli.

Mzee wa Dizeli
Marahaba.

Basi usishushe pampu. Nitaeleza kwa kirefu, na wengine wanaosoma kimyakimya wasikie.

Injini ya dizeli haina plagi wala koili ya cheche. Inataka vitu vitatu: izunguke kwa kasi ya kutosha, hewa ibanwe mpaka iwe ya moto, na dizeli ipulizwe kwa wakati wake. Ukipiga stata ukaona moshi mweupe mzito, maana yake dizeli inaingia ila haiungui. Hapo unatafuta ubaridi, stata nzito, vali zinazovuja, ringi zilizokufa. Usipoona moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda. Hakuna haja ya kuzungumzia ringi wala gasketi. Injini yako inatafuna na mdomoni hamna chakula.

Dizeli kutofika haimaanishi pampu imekufa. Kati ya tenki na pampu kuna kokoki ya tenki, bomba, pampu ndogo ya kunyonyea yenye kamkono, na filta. Kote huko dizeli inaweza kukwama au upepo ukaingia. Ile CAV ya kuzunguka ni kali kwenye kazi yake, lakini upepo kidogo tu unaizima. Na inajilainisha kwa dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake, haina oili yake. Kwa hiyo kila unapopiga stata dakika nzima ikiwa kavu, unaiua kweli pampu ambayo pengine ilikuwa nzima. Acha kupiga stata ovyo.

Fundi wako alilegeza nati ya nozeli akaona hakuna dizeli, akahukumu pampu. Hakuuliza kama pampu yenyewe inapata dizeli. Umemkuta mtu jikoni hajapika, umeuliza kama kuna unga?

Sasa fanya hivi kesho asubuhi, mikono ikiwa misafi na pampu umeipangusa kwanza, maana vumbi la huko kwenu Kongwa likiingia humo hatutaelewana.

Fungua bomba pale linapoingia kwenye pampu ndogo ya kunyonyea. Tenki la 135 liko juu, chini ya boneti, kwa hiyo dizeli ishuke yenyewe kwa uzito wake, tena kwa nguvu. Ikidondoka matone, shida iko kokoki au ndani ya tenki. Ikishuka vizuri, rudisha bomba. Kisha pampu kwa kale kamkono. Ukikuta kamelegea, hakana ukinzani, usiseme nayo imekufa. Inawezekana kamshafti, ule mhimili wa injini unaoisukuma pampu ndogo, imesimama mahali ambapo imeshaisukuma pampu mpaka mwisho, kamkono hakana cha kusukuma. Zungusha injini mzunguko mmoja, jaribu tena.

Halafu toa upepo kwa kufuata njia ya dizeli, usianze mwisho. Anza na skrubu ya juu ya filta: legeza, pampu, povu litatoka, endelea mpaka itoke dizeli tupu, kaza huku unaendelea kupampu. Nenda kwenye pampu kubwa, ina skrubu mbili za kutolea upepo, moja ubavuni karibu na yanapotokea mabomba ya nozeli, nyingine juu kwenye kifuniko cha gavana, kile kidhibiti kasi cha pampu. Fanya vilevile. Mwisho kabisa, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, zote tatu, nusu mzunguko tu. Vuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, hakikisha kizimio kiko ndani, piga stata sekunde kumi, pumzisha. Dizeli ikianza kuruka kwenye nati, kaza moja moja.

Usiweke kidole mbele ya dizeli inayoruka. Kwenye nozeli ina msukumo wa kupenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali siku hiyohiyo hata kama linaonekana kama la sindano.

Swali la mwisho. Mwezi wa sita, hilo trekta ulilizima mwenyewe au lilizimika?

Fundi Makambako
Mzee amemaliza. Nyongeza yangu ndogo: spana. Hizo injini ni za nati za inchi. Ukienda na spana namba 13 kwenye nati ya nusu inchi, inaingia, inacheza kidogo, na siku ya tatu nati imekuwa duara kama sarafu. Azima spana za inchi.

Na kama uko huku kwetu kwenye baridi ya Njombe, ile koili ya manifodi ina maana. Kongwa mwezi wa kumi na moja hata usihangaike nayo, hewa yenyewe imeshachemka.

Dodoma Halisi
Kongwa na matrekta ni damu na nyama. Waingereza walivyokuja na ule mradi wao wa karanga mwaka 1947 walileta mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Ardhi ikavishinda, 1951 mradi ukafa. Sasa kama vifaru vilishindwa, hiyo 135...

Spana Mkononi
Vifaru vilikosa kitambaa cha petroli tu.

Mzee wa Dizeli
Tusitoke nje ya mada. Kijana hajanijibu swali.

Mwana wa Kibaigwa
Samahani mzee, nilikuwa natafuta ukweli. Mimi sikuwepo, nilikuwa Morogoro kwenye msiba. Aliyekuwa nalo ni mpwa wangu. Nimemwita, anasema lilizimika lenyewe likiwa linavuta trela la mahindi. Asubuhi hiyo alikuwa amejaza tenki hadi juu. Liliunguruma kama linakohoa, likafa. Wakalivuta kwa trekta la jirani mpaka nyumbani. Mimi niliporudi nikaambiwa "tumelipaki". Neno "limezimika" nimelisikia leo.

Mama Alizeti
Alijaza tenki hadi juu, na sasa unasema dizeli iko nusu?

Mwana wa Kibaigwa
Dada yangu, dizeli ya trekta lililopaki huwa haikai. Unajua mwenyewe.

Mzee wa Dizeli
Hilo la kuzimika lingekuja kwenye aya ya kwanza. Injini iliyozimwa na mwenyewe na injini iliyozimika na mzigo ni wagonjwa wawili tofauti. Toa upepo kama nilivyosema, lakini ujue kwamba ukitoa upepo unatibu homa. Kilicholeta upepo bado kipo.

Pima pia oili ya injini kwa kijiti. Kama imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, kiwambo cha pampu ndogo kimetoboka, dizeli inashukia kwenye oili. Hapo usiwashe mpaka ubadilishe.

Mwana wa Kibaigwa (Alhamisi)
WAKUU LIMEWAKA!!!

Naandika mikono inanuka dizeli. Nisimulie kidogo maana nina furaha.

Saa 12 asubuhi tulishaanza, mimi na mpwa. Oili iko kwenye alama, haina harufu. Nikafungua bomba la kutoka kwenye tenki: dizeli ikashuka nzuri, kamba nene. Nikarudisha. Nikashika kamkono ka kupampu, kamelegea kama mkono wa mtoto aliyelala. Bila maneno ya mzee ningesema imekufa. Mpwa akagusa stata kidogo, nikajaribu tena, kakawa na ukinzani, unasikia "tk, tk" ndani.

Filta: povu tupu. Nilipampu mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Povu jeupe kama la sabuni, likawa mapovu makubwa, yakawa moja moja, halafu dizeli tupu. Pampu kubwa nayo ikatema upepo, hasa skrubu ya juu. Nilikuwa nimebadilisha na filta, ile ya CAV 296, dukani Kibaigwa zipo. Ya zamani nilipoikata chini imejaa matope na maji kidogo.

Nozeli tukalegeza zote tatu. Stata mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili ya katikati ikaanza kutema. Mara ya tatu zote. Nikakaza moja, ya pili, na kabla sijagusa ya tatu injini ikashika na mbili, inatikisika trekta zima, moshi mweupe umefunika mwembe. Nikakaza ya tatu ikatulia. Tulisikiliza dakika kumi nzima kama redio, hakuna aliyeongea.

Mzee wa Dizeli Mungu akuzidishie. Laki nne na nusu yangu bado iko mfukoni.

Shamba Kitale
Hongera boss! Sasa kunywa chai.

Spana Mkononi
Na mimi nakubali nimeshindwa. Kwa leo.

Mzee wa Dizeli
Hongera. Usisahau nilichosema kuhusu homa.

Mwana wa Kibaigwa (Jumamosi jioni)
Wakuu, furaha yangu imekuwa fupi.

Jana nililiwasha mara mbili, halina shida, linawaka kwa kugusa. Leo nikajaza tenki mpaka juu, nikafunga jembe la diski mbili, nikaingia shamba la jirani kwa majaribio, kuna sehemu mvua ya kwanza ilishalainisha. Nimelima kama dakika ishirini. Likaanza kukosa nguvu, likakohoa, likazimika. Vilevile alivyosimulia mpwa.

Nikatoa upepo palepale shambani, likawaka. Dakika ishirini tena, chali. Nimelirudisha nyumbani kwa kusimamasimama njiani.

Je, pampu kubwa ndiyo yenyewe kweli? Yule fundi amesikia, amenipigia simu anacheka.

Shamba Kitale
Hiyo ni pampu ndogo imechoka. Inanyonya bila mzigo, ukiipa kazi ya kulima inashindwa. Badilisha tu, si bei ghali.

Fundi Makambako
Inawezekana, lakini mimi ningeangalia bomba la mpira kwanza kama lipo. Mipira ya zamani huoza kwa ndani, nje unaiona nzima. Utando wa ndani unajikunja, dizeli ikivutwa kwa nguvu unaziba kama vali. Ukisimama unafunguka. Mafundi wengi wamebadilisha pampu kwa sababu ya mpira wa sentimita ishirini.

Dodoma Halisi
Au dizeli yenyewe. Ule uchakachuaji wa mafuta ya taa mnadhani uliisha? Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa yakafanane bei na dizeli, ndipo wachanganyaji wakakosa faida. Lakini dizeli ya kwenye madumu ya njiani ni ya kuombea dua.

Mzee wa Dizeli
Dizeli mbaya ingeua pampu taratibu, isingezima kila baada ya dakika ishirini kama saa ya ukutani. Mpira wa Makambako una mashiko. Kijana, hebu toa bomba...

Mama Alizeti
Mzee wangu, samahani nikukatize. Mwana wa Kibaigwa, siku ile mwezi wa sita tenki lilijazwa hadi juu. Leo umejaza hadi juu. Siku mbili zilizowaka vizuri tenki lilikuwa nusu. Au siyo?

Mfuniko wa tenki ni wa kwake?

Mwana wa Kibaigwa
Ndiyo dada, tenki lilikuwa nusu. Mfuniko ni uleule wa siku zote. Kwani una nini?

Mama Alizeti
Una tundu. Au ulikuwa nalo. Dizeli ikitoka kwenye tenki, lazima hewa iingie badala yake. Tundu likiziba, tenki linajivuta kama chupa ya maji unayoinyonya na mdomo umeubana.

Kesho fanya jaribio, usiguse spana yoyote. Jaza, lima mpaka likohoe. Likizimika, shuka, funga mdomo, weka sikio karibu na mfuniko, ufungue taratibu. Likivuta pumzi, nimekupata. Usipolisikia, rudi kwa Makambako na mpira wake.

Mzee wa Dizeli
Ndiyo maana nasema wanaume tuna haraka na spana. Mama Alizeti endelea.

Mwana wa Kibaigwa (Jumapili saa 5 asubuhi)
Limevuta pumzi.

Nimelima mistari sita. Likakohoa, likafa. Mpwa akataka kuchukua kisanduku cha spana, nikamwambia tulia. Nikapanda kwenye boneti, nikaweka sikio. Nikazungusha mfuniko kidogo tu: "fyuuuuuu". Sekunde tatu nne. Nimesikia mpaka bati la tenki linarudi mahali pake, "tong", kama sufuria. Ng'ombe wa jirani akageuza kichwa.

Nikageuza mfuniko chini juu. Ndani kuna duara la mpira mweusi, limekatwa kwa mkasi, limekaa safi kabisa, limeziba mfuniko wote. Bado lina herufi nusu za tyubu ya baiskeli.

Nikamwangalia mpwa. Mpwa akaangalia jembe.

Anasema mwezi wa sita, kila akijaza tenki, trekta likiruka kwenye matuta dizeli inamwagika kwenye boneti, na mimi nilishamgombeza kwamba anapoteza dizeli. Akaona atumie akili. Akakata mpira, akaziba. Siku mbili baadaye likamfia na trela. Hakuunganisha yale mambo mawili, na mimi sikumuuliza. Sijamgombeza. Kwa kweli aliyemfundisha kuogopa kumwaga dizeli ni mimi.

Nimeutoa mpira, nikachokonoa lile tundu la mfuniko kwa waya wa spoki, lilikuwa na vumbi lililoshikana na dizeli kama saruji. Nikatoa upepo mara moja. Limelima tangu saa 2 mpaka sasa bila kukohoa.

Shamba Kitale
Waa! Nimeenda kukagua zangu zote mbili sasa hivi. Moja ina mfuniko wa debe la rangi. Nyamazeni tu.

Fundi Makambako
Mama Alizeti heshima yako. Lakini naomba kueleweshwa: kwa nini nusu tenki linakaa sawa na likijaa linazimika? Kichwa kinaniambia ingekuwa kinyume, dizeli nyingi si inasukuma zaidi?

Mama Alizeti
Mwachie mzee hesabu, mimi niliijua kwa sababu lilinipata kwenye trekta langu la 240. Kwangu alikuwa nyigu, alijenga nyumba ya udongo kwenye tundu la mfuniko.

Mzee wa Dizeli
Tenki likijaa, juu yake inabaki hewa kidogo, tuseme lita tatu. Ukichoma lita moja ya dizeli, ile hewa ya lita tatu inalazimika kujaza nafasi ya lita nne. Imenyooshwa kwa theluthi, inavuta kwa nguvu. Tenki likiwa nusu juu kuna hewa lita ishirini na zaidi. Choma lita hiyohiyo moja, hewa haisikii kitu, unaweza kulima muda mrefu kabla haijaanza kubana. Na ukiwasha ikiwa haina mzigo inakunywa kidogo sana, ndiyo maana ile Alhamisi na Ijumaa haikuonekana.

Pampu ndogo nayo ikikuta tenki linavuta upande wa pili, inanyonya hewa popote pepesi: washa ya shaba iliyochoka (kile kipete cha kuzibia maungio ya bomba), kifuniko cha chujio chake. Hapo ndipo upepo ulipokuwa unaingilia. Kwa hiyo badilisha hizo washa, usizigeuze upande wa pili ukazirudisha. Hazikuwa chanzo lakini zimeshaonyesha ni dhaifu.

Spana Mkononi
Kwa hiyo trekta zima, pampu ya laki nne na nusu, kumbe ni mpira wa baiskeli.

Mwana wa Kibaigwa
Tena ya kwangu mimi. Niliitafuta ile tyubu mwezi mzima.

Mzee, la kumwagika sasa nifanyeje? Likijaa bado linamwaga kwenye matuta. Nitoboe katikati ya mpira nirudishe?

Mzee wa Dizeli
Hapana. Ukitoboa kwa msumari vumbi litaingia moja kwa moja kwenye dizeli, na siku mpira ukijikunja tundu linaziba upya. Nunua mfuniko wa 135 wenye tundu lake na mpira wake wa pembeni, ule wa pete, unaoziba ukingo bila kufunika katikati. Na usijaze mpaka mdomoni. Acha vidole vinne. Dizeli ikipata joto inatanuka, itatafuta pa kwenda.

Kabla hujaanza msimu, toa oili, weka mpya. Hiyo imekaa miezi mitano. Ukipata nafasi pima na vali, injini ikiwa baridi nafasi ni milimita 0.30.

Mwana wa Kibaigwa
Nimekuelewa mzee wangu. Kesho naenda kutafuta mfuniko na washa. Yule fundi nimempigia nikamwambia ni mfuniko. Kasema "hata mimi nilihisi".

Ila sasa nikiwa hapa hapa, kuna kitu kingine. Jembe linapanda taratibu sana, na nikizima trekta linashuka lenyewe mpaka chini. Oili ya haidroliki ipo. Hii nayo ni nini?

Mzee wa Dizeli
Hiyo fungulia uzi wake. Na safari hii aya ya kwanza niambie nani alikuwa nalo mara ya mwisho.